Maji Ndani ya Kasha: Kupoza Kompyuta Ndogo Kando ya Ziwa

Mashua ya omena inapokaribia ufuo wa Mbita alfajiri, injini iliyofungwa nyuma yake hutema uzi mwembamba wa maji bila kukoma. Mgeni hudhani injini inavuja. Nahodha anajua kwamba huo ndio uzima wake: pampu iliyo chini ya injini inavuta maji ya Ziwa Victoria, inayapitisha kwenye vyuma vyenye moto, kisha inayarudisha ziwani yakiwa yamebeba joto. Uzi huo ukikatika, hangoji. Huzima injini, huiinua, na mara nyingi hukuta gugumaji limeziba tundu la kuvutia maji.

Kompyuta inayopozwa kwa maji hufuata kanuni hiyo hiyo, ila maji yake hayatoki ziwani wala hayarudi ziwani. Ni maji yale yale, lita moja au pungufu, yanayozunguka ndani ya mfumo uliofungwa. Hupita ndani ya bloku, vipande vya chuma vilivyobanwa juu ya prosesa na kadi ya picha, yakichukua joto, huingia kwenye rejeta yakalitua, kisha huanza safari upya. Kwa anayetaka kuunda mfumo huo mwenyewe ndani ya kasha dogo, lenye ujazo usiofika jerikeni ya lita 20, kazi kubwa haiko kwenye bisibisi. Iko kwenye karatasi, kalamu na rula, kabla hajatuma hata shilingi moja Nairobi.

Udogo wa kasha una sababu zake huku kusini mwa Nyanza. Mpiga video wa Homa Bay au Migori hakai studio wiki nzima. Ijumaa yuko Ndhiwa kwenye mkesha, Jumamosi yuko Rongo kwenye mazishi, na ukoo uliotawanyika Nairobi, Uingereza na Marekani unataka kuona kila kitu kikirushwa moja kwa moja. Kompyuta ya kuchanganya picha za kamera kadhaa lazima ifike bomani, ikiwa mgongoni mwa mtu juu ya bodaboda au kwenye buti ya Probox. Ikirudi studio hupewa kazi ya kutoa video iliyokamilika ya saa nzima, kazi inayoibana prosesa na kadi ya picha bila kupumua. Iwe nyepesi ya kubebeka, iwe na nguvu za kazi nzito: matakwa hayo mawili hugombana, na ugomvi wao huitwa joto.

Ubao mama wa aina ya Mini-ITX, uliobuniwa na kampuni ya VIA ya Taiwan mwaka 2001, una sentimita 17 tu kila upande. Makasha yanayoubeba yamekuwa madogo mwaka hadi mwaka. Cooler Master NR200 ina ujazo wa lita 18.25, na Lian Li A4-H2O ina lita 11, yaani zaidi kidogo ya jerikeni ndogo ya lita 10. Ndani ya nafasi hiyo huwekwa kadi ya picha ndefu, na bado hewa inatakiwa kupita. Feni kubwa la prosesa, lile linalosimama kama mnara kwenye kompyuta za kawaida, mara nyingi haliingii. Maji yanaingia kwa sababu moja ya msingi: hulichukua joto mahali penye msongamano na kulipeleka ukingoni mwa kasha, penye nafasi ya kulitua.

Tena hulichukua kwa wingi. Lita moja ya maji ikipanda nyuzi moja ya selsiasi hubeba joto takriban mara 3,500 kuliko lita moja ya hewa ya usawa wa bahari. Ndiyo maana bomba lenye kipenyo cha ndani cha milimita 10 tu linatosha kuhamisha joto la kompyuta nzima.

Hata hivyo, kuna jambo ambalo maji hayawezi, na wengi hulisahau wakishakolea hamu. Mtungi wa udongo uliowekwa kivulini hupoza maji yake hadi chini ya joto la chumba kwa sababu hutoka jasho, na jasho hilo likikauka huondoka na joto. Mfumo wa kompyuta hautoki jasho. Umefungwa, na rejeta yake huweza tu kulitua joto kwenye hewa iliyo baridi kuliko maji. Chumba kikiwa na nyuzi 30, maji hayatashuka chini ya 30 hata rejeta iwe kubwa namna gani. Anayefikiria kutia barafu kwenye kitangi kinachohifadhi maji ya mfumo ili ashinde sheria hiyo atashindwa na unyevu wa ziwa: umande utajikusanya juu ya bloku baridi kama unavyojikusanya kwenye chupa ya soda iliyotolewa kwenye friji, kisha utadondoka juu ya ubao mama.

Hewa yenyewe ya huku ina upungufu wake. Uso wa Ziwa Victoria uko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na mji wa Migori uko juu zaidi ya hapo. Katika mwinuko huo hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa asilimia 12 hivi, joto likiwa sawa. Feni hupuliza ujazo ule ule, lakini kila pumzi yake imebeba hewa pungufu, hivyo hubeba joto pungufu. Hesabu nyingi za rejeta hufanywa na watu walio karibu na usawa wa bahari, katika vyumba vya nyuzi 20 na kitu. Homa Bay saa nane mchana hewa huwa nyuzi 28 au 30, na chini ya paa la mabati lisilo na dari huzidi hapo. Anayenakili mpango wa mtu wa Hamburg atajenga mfumo unaotosha Hamburg.

Hesabu yenyewe haitishi. Chukua prosesa ya AMD Ryzen 7 7800X3D, iliyopangiwa wati 120, na kadi ya GeForce RTX 4070, iliyopangiwa wati 200. Jumla ni wati 320. Kanuni ya mafundi wa fani hii ni kwamba kila milimita 120 za rejeta ya unene wa kawaida, yenye feni inayozunguka kwa utulivu, huondoa wati 100 hivi maji yanapozidi hewa kwa nyuzi 10. Rejeta ya milimita 240 basi huondoa wati 200 kwa tofauti hiyo. Kwa wati 320 tofauti itakuwa nyuzi 16, na ukihesabu upungufu wa hewa ya mwinuko inafika 18. Chumba cha nyuzi 30 kitakupa maji ya nyuzi 48. Chumba cha mabati chenye 34 kitakupa 52.

Namba hiyo ya mwisho ndiyo ya kuchunga. Pampu zinazotumika sana, D5 na DDC, zimepangiwa maji yasiyozidi nyuzi 60, na mabomba magumu ya plastiki hulegea yanapopata joto la kupita kiasi. Nyuzi 52 si hatari, lakini nafasi iliyobaki ni nyembamba, na bado vumbi halijaingia kwenye hesabu. Kuna njia mbili za kuipanua. Ya kwanza ni kuchagua kasha linalopokea rejeta kubwa zaidi: NR200 hupokea ya milimita 280 ubavuni, yenye eneo kubwa kuliko ya 240 kwa zaidi ya theluthi moja, na tofauti ile ya nyuzi 18 hushuka hadi 13. Ya pili haina gharama yoyote. Programu ya kadi ya picha inaruhusu kupunguza kiwango cha umeme, na kadi ya wati 200 iliyoshushwa hadi 160 hupoteza sehemu ndogo tu ya kasi yake. Kabla ya kununua rejeta ya pili na kuisokomeza pasipo na nafasi, fundi mwenye busara hujaribu hilo kwanza.

Kati ya prosesa na kadi ya picha, inayofaidi maji zaidi ni kadi. Silikoni yake ni pana, na joto lake hupita kwa urahisi hadi kwenye bloku, hivyo mara nyingi hubaki nyuzi chache tu juu ya maji. Prosesa za sasa ni kinyume. Joto la 7800X3D hutoka kwenye kipande cha silikoni kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba, na juu yake kuna kifuniko cha chuma. Msongamano huo ndio kikwazo, na maji mengi zaidi hayauondoi. Prosesa hiyo ikionyesha nyuzi 75 wakati maji yako 45, fundi asidhani mfumo umeharibika. Yenyewe hujipunguzia kasi inapokaribia nyuzi 89.

Wanaoshtuka kusikia maji na umeme vikikaa pamoja wakumbuke kwamba jambo hili si geni, wala duniani wala Migori. IBM ilitangaza kompyuta yake kubwa ya 3081 mwaka 1980 ikiwa inapozwa kwa maji. Apple iliuza Power Mac G5 yenye mfumo wa kimiminika mwaka 2004, na baadhi ya mashine hizo zilikuja kuvuja zilipozeeka, somo ambalo mafundi hawajalisahau. Leo makabati ya Nvidia ya kuendeshea akili mnemba, GB200 NVL72, hupozwa kwa kimiminika kwa sababu hewa haiwezi tena. Na Migori yenyewe, maporomoko ya Gogo kwenye mto Kuja yamekuwa yakizalisha megawati 2 tangu miaka ya 1950, yalipoanza kuuhudumia mgodi wa shaba na dhahabu wa Macalder.

Baada ya hesabu ya joto huja hesabu ya milimita, na hapa ndipo mipango mingi huvunjika. Rejeta inayoitwa ya 240 haina urefu wa milimita 240. Ukijumlisha vichwa vyake viwili hukaribia 275, na nyingine huzidi. Unene wake wa 27 au 30 huongezewa feni ya 25, jumla milimita 52 hadi 55, kabla ya kukumbuka kwamba fitingi, yaani viungio, na bomba vinahitaji mahali pa kupinda. Makasha hutangaza kwamba yanapokea rejeta fulani na kadi ya urefu fulani. Hayatangazi kila mara kwamba yanaweza kupokea vyote viwili kwa pamoja.

Dawa yake ni katoni. Kata kipande cha urefu, upana na unene wa rejeta pamoja na feni zake, kibandike kwa gundi, kisha kitie ndani ya kasha pamoja na kadi halisi. Kata na kingine cha ukubwa wa pampu. Waya za pawasaplai, kile kisanduku kinachopokea umeme wa ukutani, ni nene kuliko mtu anavyokumbuka, na kwenye kasha la lita 11 hula nafasi ya bomba zima. Saa moja ya kucheza na katoni huokoa wiki mbili za kungoja kifurushi kingine.

Mpangilio wa vifaa ndani ya mzunguko huleta ubishi usio na maana. Wengine husema maji lazima yapite kwenye rejeta kati ya prosesa na kadi, ili kadi isipokee maji ya moto. Hesabu inakanusha: maji yakitembea lita 4 kwa dakika, wati 320 zote huyapandisha kwa nyuzi 1.2 tu kutoka mwanzo wa mzunguko hadi mwisho. Kwenye kasha dogo, mpangilio bora ni ule wenye mabomba mafupi na mikunjo michache. Sharti moja tu halivunjwi: kitangi kikae juu ya pampu na kuilisha moja kwa moja, kwa sababu pampu hizi hulainishwa na maji yenyewe, na dakika chache za kuzunguka kavu zinaweza kuziua. Pale chini kabisa pa mzunguko pawekwe tundu la kumwagia maji. Wengi huliacha ili kuokoa nafasi, kisha siku ya kubadilisha maji hulazimika kufungua bomba juu ya ubao mama wenyewe.

Na pawepo kitu cha kuonyesha kwamba maji yanatembea, kigurudumu kidogo cha plastiki ndani ya kioo au kipimo kinachosomwa na kompyuta. Kazi yake ni ile ile ya uzi wa maji wa injini ya Mbita.

Madini yaliyomo ndani ya mzunguko ni suala la uhai na kifo kwa mfumo huu. Rejeta za shaba nyekundu, fitingi za brasi na bloku za shaba iliyopakwa nikeli huishi pamoja kwa miaka. Ongeza kipande kimoja cha alumini, pengine rejeta ya bei nafuu iliyoonekana mtandaoni, na tayari umetengeneza betri. Madini mawili yasiyolingana yakiguswa na maji yale yale hupitisha mkondo mdogo wa umeme, na alumini ndiyo inayoliwa. Unga mweupe huanza kuonekana, vijitundu vyembamba vya bloku huziba, na mwishowe chuma hutoboka. Muuzaji asiyeweza kusema rejeta yake ni ya madini gani hafai kununuliwa.

Maji nayo yana ukoo wake. Ya bomba na ya kisima hayafai, na ushahidi uko jikoni: ndani ya birika lolote lililotumika mwaka mmoja kuna ukoko mweupe wa chumvi. Ukoko huo ndani ya bloku, ambayo mifereji yake ni myembamba kuliko nusu milimita, ni ugonjwa usio na tiba rahisi. Maji ya mvua yaliyopita juu ya mabati yana vumbi na vijidudu. Yanayohitajika ni maji yaliyokenekwa. Vituo vya mafuta huuza maji ya betri, na hapo tahadhari ni kubwa: chupa zinazofanana huweza kuwa na maji safi au tindikali ya betri, na wauzaji wengine huyaita yote kwa jina moja. Lebo isomwe. Kama haisomeki, chupa irudishwe.

Ndani ya maji hayo hutiwa dawa mbili, ya kuzuia kutu na ya kuua vijidudu. Kulanti ya gari huwavutia wengi kwa kuwa iko kila mahali, lakini sehemu kubwa ya kazi yake ni kuzuia kuganda, na Homa Bay hakugandi. Tena nyingi zina glikoli ya ethilini, ambayo ni sumu yenye ladha tamu, kitu kisichofaa kuachwa kwenye nyumba yenye watoto. Vimiminika vya rangi inayometameta kama lulu viachwe kwa wanaopiga picha za maonyesho, maana chembe zake hutua na kuziba mifereji.

Kuhusu mabomba, uamuzi uko wazi kwa yeyote anayesafiri. Mabomba magumu ya kioo cha plastiki yaliyopindwa kwa joto yanapendeza kweli, na hakuna ubaya kuyapenda. Lakini kompyuta itakayopita barabara ya vumbi ya Nyatike mgongoni mwa abiria wa bodaboda itatikiswa maelfu ya mara, na bomba gumu halina pa kunyumbuka: tikisiko lote huishia kwenye fitingi. Mpira laini hunyumbuka. Bora zaidi ni ule mweusi wa EPDM, jamii ya mpira unaotumika kwenye mabomba ya rejeta za magari. Hautoi yale mafuta yanayofanya mabomba angavu ya PVC kuwa na ukungu, na haupitishi mwanga. Ghuba la Winam linawaonyesha wakazi wake kila mwaka kinachotokea maji, mwanga na virutubisho vinapokutana: uso hugeuka kijani. Bomba angavu karibu na dirisha ni ghuba dogo.

Fundi wa mabomba ya nyumba akiombwa msaada ataleta utepe mweupe wa kuzungushia nyuzi za fitingi. Mkono wake uzuiwe kwa heshima. Fitingi za kompyuta, zenye nyuzi za robo inchi zinazoitwa G1/4, hazizuii maji kwa nyuzi zake bali kwa pete ya mpira iliyo chini ya kichwa. Utepe huinua fitingi na kuifanya pete isikae sawa. Hukazwa kwa vidole, na mzunguko mdogo wa mwisho unatosha. Nguvu za spana hupasua plastiki ya kitangi.

Sasa kuhusu wadudu. Jioni fulani za mwaka mawingu ya visubi huinuka ziwani kama moshi, na taa za Mbita na Homa Bay huwaita ufuoni kwa mamilioni. Feni ya kompyuta iliyo karibu na dirisha lenye mwanga huwavuta kama inavyovuta hewa, na mapezi ya rejeta yaliyopangana kwa nafasi ya milimita moja au mbili huwanasa wote. Kiangazi cha Januari na Februari huongeza vumbi jekundu, na kwenye njia za malori ya miwa ya Awendo vumbi halingoji kiangazi. Kila rejeta inayovuta hewa kutoka nje iwekewe wavu unaotoka kwa urahisi, na uoshwe kila wiki mbili au tatu. Kwa kasha linalokaa kando ya ziwa, hilo lina manufaa kuliko feni ya bei ya juu.

Mfumo ukishafungwa haujazwi maji papo hapo. Hujazwa hewa kwanza. Pampu ndogo ya mkono yenye geji huingiza shinikizo la psi 7 hivi, kisha geji huachwa nusu saa. Mshale ukishuka, kuna mahali panapovuja, na hakuna tone lililomwagika. Kompresa ya mtu wa panchari isikaribie hapo: tairi la Probox huchukua zaidi ya psi 30, na kitangi cha kompyuta hakijaundwa kwa hizo. Mshale ukitulia ndipo maji hutiwa, huku pampu pekee ikipewa umeme na ubao mama ukiwa umechomolewa. Kasha huinamishwa huku na huko ili mapovu ya hewa yapande kwenye kitangi. Karatasi za tishu hutandazwa chini ya kila kiungo kwa siku nzima. Rejeta mpya huoshwa mapema kwa maji yaliyokenekwa yenye moto, kwani kiwandani hubakiwa na uchafu wa kulehemia.

Wengine huuliza itakuwaje umeme ukikatika kazi ikiendelea. Kwa mfumo wa maji, kukatika si tatizo: pampu na prosesa huzimika pamoja, na joto lililobaki hunyonywa na maji yaliyotulia. Giza la tarehe 25 Agosti 2023, lililofunika sehemu kubwa ya Kenya, halikuweza kuharibu bloku ya mtu yeyote kwa njia hiyo. Hatari iko kwenye kurudi kwa umeme, unapoingia kwa kishindo. Betri ya akiba yenye kinga ya umeme ni ya lazima kwa kompyuta yoyote huku, iwe ya maji au ya feni.

Vifaa vyenyewe havipatikani Homa Bay wala Migori. Vingi hutoka ng'ambo kupitia Nairobi, vikitozwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16 pamoja na ada nyingine, kisha husafiri kwa basi la usiku kupitia Narok na Kisii. Umbali huo ubadilishe orodha ya ununuzi. Agiza fitingi mbili zaidi ya zinazohitajika, pete za mpira pakiti nzima, mpira urefu mara mbili ya uliopimwa, na dawa ya maji ya kutosha kubadilisha mara ya pili, kwa maana maji hubadilishwa kila baada ya mwaka hivi. Bloku ya kadi ya picha ithibitishwe kwa namba kamili ya modeli. Kadi mbili za RTX 4070 kutoka kwa watengenezaji tofauti huweza kuwa na mbao tofauti, na bloku ya moja isiingie kwenye nyingine. Anayenunua kadi ya mtumba aagize bloku baada ya kuishika kadi mkononi.

Wapo wasiohitaji lolote kati ya haya, nao waambiwe kwa upendo. Kompyuta za mtumba za ofisini, kama Dell OptiPlex na HP EliteDesk, ambazo zimejaa kwenye saiba za Migori, Awendo na Oyugis, zina mbao mama za vipimo vyao wenyewe na hazina nafasi ya rejeta. Zikichemka, kinachohitajika ni kupuliza vumbi, kubadilisha pesti ya joto iliyokauka kati ya prosesa na kipozeo, na kuzitoa kwenye kabati la mbao lisilo na mlango wa hewa. Prosesa ya wati 65, mfano wa Ryzen 5 7600, hupozwa vyema na feni fupi. Na mwenye prosesa ya moto lakini kadi ya kawaida anaweza kununua kipozeo cha maji kilichofungwa kiwandani, kisichohitaji kujazwa, akakitumia kwa miaka kadhaa na kukibadilisha pampu inapochoka.

Mfumo wa kujiundia unamfaa yule mwenye kadi ya wati 200 au zaidi ndani ya kasha lisilofika lita 20, anayefanya kazi ya saa nyingi mfululizo, na aliye tayari kuosha wavu na kubadilisha maji kwa wakati. Huyo aanze na rejeta moja kubwa kadiri kasha linavyoruhusu, shaba na brasi tupu, mpira mweusi, maji yaliyokenekwa, na tundu la kumwagia. Kadi aishushe wati kidogo kabla ya kuhukumu kwamba rejeta haitoshi. Na katoni aikate wiki hii, kabla ya kuagiza chochote.